Taima ni Kengele, Si Saa

Ukiandika `setTimeout(fanya, 1000)`, yaani taima ya kuiita fanksheni `fanya` baada ya milisekunde 1000, JavaScript, lugha ya programu za kurasa za mtandaoni, haijakuahidi kwamba `fanya` itaendeshwa sekunde moja kamili kutoka sasa. Imeahidi tu kwamba haitaiendesha mapema. Waandishi wengi wa programu wanalijua jambo hili kwa mdomo. Kulijua kwa mikono ni habari nyingine, na mimi limeniingia kidogo kidogo, kwa kuitwa kutengeneza programu ambazo wenyewe walishazikatia tamaa: saa ya mtihani iliyowapa baadhi ya wanafunzi muda wa ziada, metronomu iliyoyumba, barua pepe za kukumbusha zilizotoka mwezi mzima kabla ya siku yake. Kote huko nilikuta mtu amechukua kengele akaitumia kama saa.

Nianze na ile ya mtihani, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Ulikuwa mtihani wa mtandaoni wa dakika 90, wa aina ile ya kuruhusiwa kufungua vitabu na kurasa nyingine. Juu ya ukurasa palikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Malalamiko yalikuwa ya ajabu: wanafunzi walioanza pamoja hawakumaliza pamoja, na waliochelewa kumaliza waliapa kwamba saa zao zilikuwa bado zinawaruhusu. Aliyeandika msimbo alikuwa ameanza na namba 5400, kisha akaweka `setInterval` ya milisekunde 1000 inayopunguza moja kila inapoita. Kwenye kompyuta yake ilifanya kazi, na kwenye yangu pia. Niliukodolea macho ukurasa ule muda mrefu nisione lolote, kumbe kukodoa macho kwenyewe ndiko kulikoficha hitilafu. Kivinjari huutendea ukurasa unaotazamwa tofauti kabisa na ule uliofunikwa na kichupo kingine.

Tangu 2011, Chrome na Firefox haziruhusu taima za kichupo kilichofichwa ziite zaidi ya mara moja kwa sekunde. Lengo ni kuokoa betri na prosesa, na kwa kweli siwalaumu. Kwa saa inayohesabu sekunde, kizuizi hicho peke yake hakiumizi sana. Lakini Chrome 88, iliyotoka Januari 2021, ilikaza kamba: ukurasa ukifichwa kwa zaidi ya dakika 5, ukiwa hautoi sauti wala hauna mazungumzo ya moja kwa moja ya WebRTC, taima zake za kujirudia huamshwa mara moja tu kwa dakika. Sasa piga hesabu. Mwanafunzi anafungua kichupo kingine asome kwa dakika 15. Dakika 5 za mwanzo saa inakwenda karibu sawa. Dakika 10 zinazofuata inaita mara 10, kwa hiyo inapunguza sekunde 10 badala ya 600. Akirudi, anakuta amepata zawadi ya dakika 9 na sekunde 50. Mwenzake aliyetulia ukurasani muda wote hapati kitu. Kwenye simu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu skrini ikizimwa ukurasa unaweza kugandishwa moja kwa moja.

Dawa ni kuacha kuhesabu miito. Kila kengele inapoita, uliza saa ya kweli ni muda gani umepita, kisha uandike jibu:

```
const mwanzo = performance.now();
const jumla = sekundeKutokaSeva * 1000;

function onyesha() {
  const zimepita = performance.now() - mwanzo;
  const zimebaki = Math.max(0, jumla - zimepita);
  andika(Math.ceil(zimebaki / 1000));
  if (zimebaki > 0) {
    setTimeout(onyesha, zimebaki % 1000 || 1000);
  }
}
onyesha();
```

Kengele ikichelewa dakika nzima, hesabu haiharibiki. Namba itaruka tu hadi mahali pake. Ule mstari wa `zimebaki % 1000` nao una kazi yake: badala ya kuomba sekunde nzima kila mara, unaomba kipande kilichobaki kufikia sekunde inayofuata, hivyo ucheleweshaji wa mwito mmoja haurithiwi na mwito unaofuata.

Mwenzangu aliuliza kwa nini sikutumia `Date.now()`, ambayo kila mtu anaijua. Swali zuri. `Date.now()` inakupa milisekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya UTC, na inazichukua kutoka saa ya mfumo wa kompyuta. Saa hiyo mwenye kompyuta anaweza kuirudisha nyuma apendavyo, na hata asipoigusa, mfumo wenyewe huisahihisha kupitia mtandao. Ukichukua vipimo viwili na kutoa kimoja kwenye kingine, unaweza kupata muda hasi. `performance.now()` haijui leo ni tarehe ngapi, ila hairudi nyuma, na kwa kupima muda uliopita hilo ndilo ninalolitaka. Usitegemee lakini kwamba desimali zake zote ni za kweli. Baada ya udhaifu wa Spectre kutangazwa Januari 2018, vivinjari vilipunguza usahihi wa saa hiyo kwa makusudi, kwa kuwa saa kali mno ilikuwa inamsaidia mshambuliaji kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta. Leo kwenye Chrome ukurasa wa kawaida hupata hatua za maikrosekunde 100, na ukurasa uliotengwa kiusalama hupata za maikrosekunde 5. Kwa mtihani hiyo haina maana yoyote. Kwa anayepima kasi ya msimbo wake, ina maana kubwa.

Lilibaki tatizo la kompyuta kufunikwa ikalala. Kwenye baadhi ya mifumo ya uendeshaji, `performance.now()` nayo husimama mashine inapolala, kwa hiyo mwanafunzi angeweza kufunga kompyuta, akaenda zake, akarudi na kukuta muda wake umemsubiri. Nikaongeza msikilizaji wa tukio la `visibilitychange`: kila ukurasa unapoonekana tena, unaiuliza seva zimebaki sekunde ngapi na kuanza upya kutoka hapo. Na seva ikaambiwa ikatae jibu lolote linalofika baada ya muda, hata kama skrini ya mwanafunzi inasema nini. Nadhani hapo ndipo kazi ilipaswa kuanzia. Saa ya kwenye skrini ni ya kumtuliza mtu. Yenye mamlaka ni ya seva.

Kabla sijaingia kwenye muziki, niseme kidogo kuhusu foleni, maana bila hiyo yanayofuata hayaeleweki. Msimbo wa ukurasa huendeshwa kwenye uzi mmoja, yaani kazi moja kwa wakati mmoja. Muda wa taima ukitimia, kivinjari hakikatizi kazi inayoendelea ili kiipishe fanksheni yako. Kinaiweka tu kwenye foleni, nayo inasubiri zamu. Kama kuna kitanzi kinachopanga jedwali kubwa kwa milisekunde 400, taima yako ya milisekunde 10 itasubiri hizo 400. `Promise`, yaani ahadi za matokeo yatakayokuja baadaye, zina foleni yao ya kipaumbele, nayo humalizwa yote kabla taima haijafikiriwa. Nimewahi kuona msimbo wenye `Promise` inayozaa nyingine bila kikomo, na taima za ukurasa huo hazikuita kabisa. Hata `setTimeout(fanya, 0)` si sifuri. Kiwango cha HTML kinasema taima zikiitana moja ndani ya nyingine zaidi ya ngazi 5, muda wowote ulio chini ya milisekunde 4 hupandishwa kuwa 4. Node.js, mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, kwa upande wake huigeuza sifuri kuwa milisekunde 1. Wanaoshangazwa na tofauti hizo huenda hawajui kwamba `setTimeout` haimo kwenye kiwango cha lugha yenyewe, ECMAScript. Inatolewa na mazingira, na kila mazingira yameitengeneza yanavyoona. Ndiyo maana kwenye kivinjari inakurudishia namba, na kwenye Node.js inakurudishia kitu kizima.

Sasa metronomu. Hiki ni kifaa cha kugonga mapigo kwa mwendo sawa ili mpigaji wa ala asipoteze mwendo, na ni kipimo kikatili cha taima, kwa sababu sikio halisamehe kama jicho. Picha ikichelewa kidogo hakuna anayejali. Pigo likichelewa kiasi hichohicho, mpiga gitaa anakunja uso.

Programu niliyoletewa ilikuwa inagonga mapigo 120 kwa dakika, yaani moja kila milisekunde 500, kwa `setTimeout` iliyojiita upya mwishoni mwa kila pigo. Tuseme kila mwito unachelewa milisekunde 3 tu, kiasi cha kawaida kabisa. Katika dakika 10 kuna mapigo 1200, na ucheleweshaji unajilimbikiza hadi sekunde 3.6. Mkengeuko huo unatibika kwa njia ileile ya saa ya mtihani: pigo la n linapaswa kuwa kwenye mwanzo kuongeza n mara 500, kwa hiyo unapanga mwito unaofuata kwa kutoa muda wa sasa kwenye muda huo. Nilifanya hivyo, na baada ya dakika 10 metronomu ilikuwa bado iko na wenzake. Ila kila pigo lenyewe lilikuwa bado linatetemeka, hili likichelewa kidogo, lile likichelewa zaidi. Jumla ilikuwa sahihi na mapigo yalikuwa mabaya. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kwa uzoefu wangu watu huyachanganya: la kwanza ni kuteleza, la pili ni kutetemeka, na ukishatibu kuteleza mteja atasikia kutetemeka kwa wazi zaidi kuliko awali.

Kutetemeka hakuondoki kwa ujanja wowote wa `setTimeout`. Ukurasa ukichora kitu kizito, pigo litasubiri. Kilichonitoa hapo ni saa nyingine kabisa, ile ya Web Audio, mfumo wa sauti wa kivinjari. `AudioContext` ina `currentTime`, muda wa vifaa vya sauti kwa sekunde, na sauti ukiipa amri ya `start` pamoja na muda, inapigwa kwa muda huo huo na uzi wa sauti, bila kuujali uzi mkuu umeshikwa na nini. Mtu anaweza kusema basi panga mapigo yote ya saa nzima kwa mkupuo. Lakini mtumiaji akibadilisha mwendo katikati, utakuwa na rundo la mapigo ya kufuta. Njia iliyokomaa ni kuchanganya: kengele ya `setTimeout` inaita kila milisekunde 25 hivi, na kila ikiita inaiangalia saa ya sauti na kupanga mapigo yanayoangukia ndani ya milisekunde 100 zijazo tu. Kengele ikichelewa milisekunde 60, hakuna anayesikia chochote, kwa sababu pigo lilishapangwa. Mtumiaji akibadilisha mwendo, atasubiri kwa muda asioutambua.

Dirisha hilo la milisekunde 100 ni la kupatana, na hakuna namba iliyo sahihi kwa wote. Likiwa refu, programu inavumilia uzi mzito lakini vitufe vyake vinachelewa kuitikia. Likiwa fupi, vitufe vinaitika upesi lakini uzi ukishikwa kidogo tu, pigo linakosekana. Nililipanua kwa simu za zamani na kuliacha fupi kwa kompyuta. Kengele niliihamishia kwenye Web Worker, uzi wa pembeni, ili kichupo kikifichwa isizuiwe. Watu hudhani Web Worker inatibu pia uzi mkuu ulioshikwa. Haitibu: ujumbe wa kengele unatoka kule kwa wakati, ukifika kwenye uzi mkuu unapanga foleni kama wengine.

Zile barua pepe zilikuwa kisa cha upande wa seva, na kisa kifupi, ila kinanichekesha hadi leo. Mfumo wa huduma ya kulipia ulitakiwa kumkumbusha mteja siku 30 baada ya kujiunga. Aliyeandika akazidisha siku 30 kuwa milisekunde, akapata 2,592,000,000, akaipa `setTimeout`. Kila aliyejiunga alipokea papo hapo barua ya kumwambia muda wake unakwisha. Taima huhifadhi muda kama namba kamili ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, na kikomo chake ni 2,147,483,647, yaani siku 24.8 hivi. Ukikizidi, Node.js inatoa onyo kwenye kumbukumbu za seva na kuushusha muda huo kuwa milisekunde 1. Onyo lilikuwepo, limeandikwa waziwazi, katikati ya mistari ambayo hakuna aliyeisoma. Kwenye kivinjari hupati hata onyo, namba inazunguka. Siku 30 inageuka kuwa hasi na kuita mara moja, ilhali siku 50 inageuka kuwa muda wa karibu saa 7.

Ungeweza kulirekebisha hilo kwa kukata muda vipande vipande, na wapo wanaofanya hivyo. Nilikataa, kwa sababu taima huishi kwenye kumbukumbu ya prosesi, yaani ya programu wakati inaendeshwa. Seva ikiwashwa upya, na seva huwashwa upya kila toleo jipya linapowekwa, taima zote zimekufa na hakuna anayejua zilikuwa ngapi. Tuliandika tarehe ya kukumbusha kwenye hifadhidata, na kazi ndogo ikawa inapita kila baada ya dakika chache kuuliza ni nani ambaye tarehe yake imefika na bado hajatumiwa. Inayoamsha kazi hiyo bado ni taima, lakini ikikosa mwito mmoja, mwito unaofuata unaokota kila kitu. Tarehe zenyewe tulizihesabu kwa kalenda. Kesho saa ileile si lazima iwe baada ya saa 24: katika nchi zinazosogeza saa kwa majira, kama nyingi za Ulaya, kuna siku ya saa 23 na siku ya saa 25 kila mwaka.

Michoro inayosogea sitaikalia sana. Tumia `requestAnimationFrame`, ambayo huita kabla ya kila fremu kuchorwa, na usidhani fremu ni 60 kwa sekunde. Skrini za 120 zimejaa sasa, na mchoro unaosogea pikseli 5 kila fremu utakimbia mara mbili huko. Fanksheni yako hupewa muda wa fremu kama kigezo. Zidisha mwendo kwa tofauti ya muda huo na uliopita. Kichupo kikifichwa miito hii husimama, kwa hiyo wekea tofauti hiyo kikomo, la sivyo mtu akirudi baada ya nusu saa kila kitu kitaruka nje ya skrini.

Majaribio ya msimbo nayo yana ugonjwa wake. Jaribio linalosubiri sekunde 2 za kweli kisha kuangalia matokeo litafaulu kwenye mashine yako na kuanguka mara moja moja kwenye mashine ya pamoja iliyolemewa, na baada ya muda timu itazoea kuliendesha tena bila kuuliza. Jest, zana ya kuendeshea majaribio ya JavaScript, ina taima bandia zinazokuruhusu kusogeza muda mwenyewe, na jaribio la mwezi mzima linakwisha kabla hujapepesa. Ila saa yako uipokee kama kigezo cha fanksheni, usiiite moja kwa moja kutoka kila kona ya msimbo. Nimeona timu zikisogeza taima bandia huku nusu ya programu ikisoma saa ya kweli.

Siku hizi nikipitia msimbo wa mtu, macho yangu huenda kwanza kwenye namba zilizo ndani ya `setTimeout`. Namba yenye sababu siigusi: milisekunde 300 za kusubiri mtu amalize kuandika kabla ya kutafuta ni uamuzi kuhusu vidole vya binadamu, na hakuna tukio la kivinjari linaloweza kukuambia hilo. Namba isiyo na sababu ndiyo ninayoifuatilia kwenye historia ya msimbo. Kwenye ukurasa mmoja wa grafu nilikuta 200, kisha miezi baadaye mtu mwingine kaipandisha kuwa 500, kisha wa tatu 1500, kila mmoja na maelezo ya aina ya “kurekebisha maandishi yanayokatika”. Hakuna aliyeandika inasubiri nini. Ilikuwa inasubiri fonti. Grafu ilipima upana wa maandishi kabla fonti haijapakiwa, ikapima kwa fonti ya muda, na maandishi ya kweli yalipofika hayakutosha kwenye visanduku vyake. Niliiondoa taima na kuweka `await document.fonts.ready`. Kwenye mtandao wa kasi grafu ikaanza kutokea karibu mara moja, na kwenye mtandao mzito ikawa inasubiri hata zaidi ya zile 1500, pale fonti inapochelewa kweli.